Katikati ya Mkeka

Stendi ya Kibiti saa nne asubuhi haimsikilizi mtu. Mabasi ya kusini yanaingia yakipiga honi, wauza korosho wanayakimbilia madirishani, na vijana wa bodaboda wanamgombania abiria ambaye hata hajashuka. Jumamosi ile, katikati ya vurugu hiyo, alisimama Zamda binti Ridhiwani, amejipamba kana kwamba stendi nzima imemwalika yeye peke yake. Gauni la kitenge cha zambarau, ushungi wa rangi ya maziwa, hina imekolea mikononi. Alikuwa akingoja gari la Bungu, aende kwenye harusi ya rafiki yake waliyesoma naye uuguzi.

Noah kutoka Nyamisati ikaingia. Mlango ulifunguliwa kabla gari halijasimama, na abiria wakamwagika nje, mmoja ameziba pua kwa kanga, mwingine kwa kofia, mwingine anatema mate pembeni. Wa mwisho alishuka kinyumenyume kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi likapigika, kofia ya viua imemkaa sawasawa kichwani, na mikononi amembeba mama wa makamo aliyejifunika kanga mbili.

"Braza," konda akasema, "siku nyingine ukodi gari lako."

Kijana alimkalisha mama yule juu ya begi la nguo, taratibu, akamrekebishia kanga magotini. Kisha akageuka.

"Rudia."

"Nimesema tu kwamba..."

"Huyu ana jina. Anaitwa Bi Mwanabibi binti Mshamu, wa Mbwera. Ukitaka kuzungumza habari zake, anza na shikamoo. Ukimaliza hapo, mimi na wewe tutaendelea na hayo mengine."

Konda akayatazama mabega ya kijana, akaitazama mikono yake iliyojaa makovu ya spana, akaona afadhali akapange mizigo.

Zamda hakuziba pua. Alivuta pumzi mara moja, polepole, kama mtu anayesoma barua fupi. Miaka mitatu ya kusafisha vidonda ilikuwa imemfundisha kwamba harufu ina habari zake. Hii haikuwa ya mguu uliokufa. Ilikuwa ya kidonda kizee, chenye maji mengi, kilichofungwa vibaya. Akavuka stendi na viatu vyake vya harusi, akachuchumaa mavumbini mbele ya mama yule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usikae karibu hivyo, utajiharibia nguo."

"Nguo zinafuliwa. Mguu huu una miaka mingapi?"

"Tisa."

"Dada," kijana akaingilia, na sauti yake bado ilikuwa na moto wa konda. "Nimekuona unanusa. Wewe ni nani unayenusa watu stendi?"

"Muuguzi. Na wewe ni nani unayembeba mgonjwa kama gunia la mkaa?"

"Mwanawe. Sadala. Na gunia la mkaa halibebwi hivyo, linabebwa mgongoni. Huku kwetu tunajua."

Bi Mwanabibi akacheka chini ya kanga. Ilikuwa siku nyingi hajamsikia mtu akimjibu mwanawe.

"Mnakwenda wapi?" Zamda akauliza.

"Dar. Wamesema ukatwe. Jumatatu."

Zamda akausogelea mguu. Aliomba ruhusa kwa macho, mama akaitikia, naye akaweka vidole viwili juu ya unyayo wa mguu mbovu, pale mshipa unapopita. Bodaboda zilikuwa zinanguruma, muziki wa kibanda cha chipsi unapiga, lakini yeye alikuwa kimya kama mtu aliye msikitini. Alipoinua uso, macho yake yalikuwa yamebadilika.

"Damu inafika huku chini. Inapiga vizuri kabisa. Siwaahidi kuponya. Nasema kabla hamjaukata, niacheni niutazame."

"Na harusi yako?" Bi Mwanabibi akauliza, akiitazama ile hina.

"Bibi harusi hanihitaji mimi kuolewa."

*

Chumba cha Zamda kwenye kituo cha afya kilikuwa zamani stoo ya vyandarua. Yeye ndiye aliyekiomba, akakipaka rangi, akaandika mlangoni kwa mkono wake: KLINIKI YA VIDONDA, JUMANNE. Watu wa Kibiti walikuwa wanaviita vidonda vile donda ndugu, maana yake kishakuwa jamaa, mtaishi naye. Jina hilo ndani ya chumba chake alilipiga marufuku. "Humu hakuna donda ndugu," aliwaambia wagonjwa. "Kuna kidonda ambacho bado hakijapata mtu wa kukishughulikia. Sasa kimempata."

Alimpima Bi Mwanabibi sukari, akampima presha mkononi na kwenye kifundo cha mguu, akamwita mganga mfawidhi, mkuu wa kituo, akamwonyesha. Mganga akakubali, na barua ikaandikwa Dar kwamba mguu usubiri.

"Umewahi kupaka nini, mama?" Zamda akauliza.

"Uliza nisichopaka. Majivu. Unga wa betri. Vidonge vya rangi mbili, tunavivunja tunamwaga ule unga. Majani ya kila aina."

"Basi umechoka nao. Kuanzia leo hatumwagi kitu. Tunaosha, tunafunika, tunabana."

Sadala alisimama kando, mikono kifuani, anatazama kama mkaguzi. Kidonda kilikuwa juu kidogo ya kifundo, upana wa kiganja. "Kubana ndiyo dawa?" akauliza.

"Damu ikishashuka mguuni lazima ipande. Ndani ya mishipa mna vilango vinavyoizuia isirudi chini. Vya mama vimelegea. Damu inatuama, mguu unavimba, ngozi inapasuka na haifungi."

"Vali," Sadala akasema. Yeye alikuwa fundi wa injini za boti. "Pampu yenye vali mbovu, maji yanarudi yalikotoka. Na kwa kuwa huwezi kuibadilisha vali iliyo ndani, unabana kwa nje."

Zamda alikuwa ameshika bandeji. Ikabaki hewani kidogo. Wanafunzi wa uuguzi aliwaeleza jambo lile siku tatu, na bado waliitikia kwa adabu tu.

"Ndiyo," akasema. "Hivyo hivyo, fundi."

Kisha akafunga: pamba laini kwanza, halafu bandeji ya kubana, kuanzia kwenye vidole, ikazunguka kisigino, ikapanda kwa mistari iliyopishana kama ukili wa mkeka hadi chini ya goti. Bi Mwanabibi, ambaye maisha yake yote alikuwa msukaji wa mikeka, aliifuata mikono ile bila kupepesa. Kabla ya kukifunika kidonda, Zamda alikuwa ameweka juu yake karatasi ya nailoni inayoona ndani, akachora ukingo wake kwa kalamu ya wino mzito, akaandika tarehe. "Hii ni ramani," akamwambia Sadala. "Kila Jumanne tutachora nyingine. Nchi hii tunataka ipungue. Na bandeji haifunguliwi mpaka nifungue mimi."

Walipotoka, Zamda aliona mama amekwenda kuketi mwisho wa benchi la nje, mbali na wenzake, upande ambao upepo unatoka kwa watu kwenda kwake.

*

Simu zilianza kwa sababu ya mguu. Kila siku baada ya magharibi Sadala alipiga kutoa taarifa.

"Nesi, mguu haujambo."

"Maji yamepita kwenye bandeji?"

"Hayajapita. Mguu umelala, mwenye mguu amelala. Aliyeubeba ndiye hana usingizi."

"Anywe maziwa."

"Anayempa maziwa yuko Kibiti."

"Basi avumilie mpaka Jumanne."

Jumanne nazo zilikuwa na vita vyake. Mbwera ni delta, na boti haitoki kwenye mkondo mpaka maji yajae. Zamda alikuwa anafungua saa mbili, wao wanafika saa saba.

"Umechelewa, fundi."

"Nimekuja na maji."

"Wenzako wanakuja na saa."

"Sawa. Wewe mwambie mwezi, mimi simo kwenye kikao chake."

Wagonjwa kwenye benchi walikuwa wamezoea, wakawa wanasogea ili wasikie vizuri. Zamda alikuwa anajua kwamba Jumanne anachagua ushungi kwa muda mrefu kuliko siku nyingine. Alikuwa anajua pia kwamba Sadala, ambaye siku nzima ni mafuta na grisi, alikuwa anafika kliniki ananukia sabuni hadi masikioni.

Wiki ya sita ramani ilikuwa nusu ya ile ya kwanza. Jioni ile Sadala alipopiga hakutania.

"Zamda, nikwambie neno. Harusi za Mbwera mama anazisikiliza akiwa uani kwetu. Anaijua kila ngoma, anajua nani kaolewa kwa sauti ya vigelegele. Miaka tisa hajakaa kwenye mkeka na wanawake wenzake, na nusu ya mikeka hiyo kaisuka yeye. Siku niliposikia watu wanamcheka, niliapa. Sioi mpaka mama yangu aweze kukaa katikati ya mkeka, kwenye harusi yangu, na mtu asisogee."

"Na ukishaapa huwa hurudi nyuma."

"Sijui njia ya kurudi nyuma. Kwa hiyo uelewe, mimi ninayekupenda hivi, nimefungwa kwenye hiyo bandeji yako."

Zamda aliikaza simu sikioni. Hakuwahi kuambiwa neno la mapenzi lililoikabidhi mikono yake kazi. Akajisikia mrefu.

"Basi, kipenzi," akasema, "mikono yangu haijawahi kukosea kufunga."

*

Wiki ya saba ramani haikupungua. Wiki ya nane ikaongezeka.

Zamda alifungua bandeji na hasira ikampanda kabla hajaielewa. Kwa nje ilikuwa safi, imefungwa kwa mistari ileile. Ndani pamba ilikuwa imelowa, na ngozi ya mguu imekuwa nyeupe na laini kama ya mtu aliyeshinda majini.

"Mnafungua," akasema.

"Sijagusa," Sadala akajibu.

"Imefunguliwa. Kuna maji humu."

"Zamda, nakuapia, sijaigusa."

"Basi bandeji ina mikono yake. Mmemwaga nini? Rangi mbili? Nawajua watu wa delta, mtu anawaambia hivi, jirani anawaambia vile, mkifika nyumbani mnapika dawa zenu, kisha mnarudi hapa mnaniangalia usoni."

Bi Mwanabibi alikuwa anatazama sakafu, midomo yake inatetemeka kidogo, lakini Zamda alikuwa anamtazama mwana, si mama.

"Watu wa delta," Sadala akarudia, taratibu. "Mimi nimetoa neno langu, nawe umelipima kwa mahali nilikozaliwa."

"Nimelipima kwa mguu."

"Mguu ni wa mama yangu. Sikumleta hapa afundishwe kwamba amezaa mwongo." Akainama, akamnyanyua mama yake na mguu wake haujafungwa vizuri. "Twende, mama."

"Sadala, mwanangu, ngoja kwanza niseme..."

"Twende."

Zamda alibaki na mkasi mkononi. Alijiambia kwamba amesema kweli. Jioni simu haikulia, akajiambia tena.

*

Jumanne ya kwanza hawakuja. Ya pili hawakuja. Zamda alifanya kazi vizuri kuliko kawaida, kwa kiburi, kama mtu anayepigwa picha. Alasiri ya Jumanne ile ya pili, wagonjwa walipokwisha, akaenda kwenye bomba la nyuma ya kituo kutia udhu.

Akaosha mikono. Akasukutua, akaosha uso, mikono mpaka viwikoni, akapaka maji kichwani na masikioni. Akavua kiatu, akauinua mguu wa kulia chini ya bomba, akausugua kati ya vidole. Kisha wa kushoto. Maji yakapita juu ya vidole, juu ya unyayo, yakafika kwenye kifundo.

Hapo akasimama, mguu mmoja hewani, maji yanaendelea kumwagika.

Alirudi ndani mguu unachuruzika, akafungua jalada la Bi Mwanabibi na kusoma maandishi yake mwenyewe ya wiki ya nane. *Ngozi imelowa: kuanzia vidoleni hadi kifundoni.* Haikuvuka hapo. Si dawa iliyomwagwa kwenye kidonda. Yalikuwa ni maji, yamefika pale yanapofika maji ya kila Mwislamu, mara tano kwa siku. Na ile bandeji iliyofungwa upya kwa mistari ileile isiyo na kosa, nani angeweza, kama si mikono iliyosuka mikeka tangu utotoni?

Alikuwa amemwuliza mama yule kuhusu majivu, betri na majani. Alikuwa ameuliza anakula nini na analala vipi. Yeye, binti wa Mohoro aliyefundishwa kuswali kabla ya kufundishwa kusoma, hakuwahi kumwuliza anaswali vipi.

Zamda alilia kidogo, haraka, akafuta. Kisha akafunga ofisi akaenda kwa Mwalimu Dadi, aliyekuwa akisomesha madrasa karibu na soko, akamweleza. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho.

"Dini haikumtaka aharibu mguu, binti yangu," akasema. "Atie udhu kamili, wewe umfunge akiwa nao. Baada ya hapo asifungue. Aoshe panapofikika, palipofungwa apake mkono wenye maji juu ya bandeji, na atayamamu kwa udongo safi. Swala yake ni timilifu."

"Hata wiki nzima?"

"Hata miezi, kama mguu unataka miezi."

*

Kesho yake Zamda aliomba ruhusa ya siku mbili, akajaza bandeji kwenye begi, akashuka Nyamisati, akakaa gatini masaa matatu akingoja maji yajae. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba mwezi kweli hausikii la mtu. Boti ilipita kwenye mikondo, mikoko imesimama pande zote mbili na mizizi yake nje, matope yanang'aa kwa jua la mchana. Alikuwa amevaa baibui nyeusi na raba za kazini, na moyoni ameshika sentensi moja aliyoipanga tangu Kibiti.

Sadala alikuwa uani kwao, hatua chache kutoka ufukweni, kifua wazi, msuli umekunjwa magotini, injini imefumuliwa mbele yake juu ya gunia. Alimwona kutoka mbali. Hakusimama, ila spana ilimwanguka.

"Nesi wa Kibiti," akasema. "Umekuja kukagua watu wa delta?"

"Nimekuja kukiri kosa mbele yao. Neno lile lilikuwa baya, na nililisema mbele ya mama. Sikuwa na haki nalo. Nisamehe, Sadala."

Sadala alikuwa amejiandaa kwa vita. Kwa hilo hakuwa amejiandaa. Akaichukua spana, akaifuta, akaifuta tena.

"Mimi nimekaa lindo," akasema mwishowe. "Tangu siku ile. Kama tunavyoulinda mpunga usiliwe na viboko. Mchana nafanyia kazi uani, jioni nakaa mlangoni. Nilitaka nipate ushahidi kwamba hakuna mkono unaogusa bandeji ile. Na bado inalowa. Zamda, karibu niamini kwamba mimi ndiye mwongo."

"Na hakuna saa unayotoka?"

"Hakuna." Akafikiri. "Natoka akiswali tu. Sasa nimkae mama kichwani na yuko mbele ya Mola wake?"

Zamda alimtazama tu, mpaka akaona jambo lile linafika, taratibu, kutoka machoni hadi mabegani.

"Subhanallah," Sadala akasema.

Walimkuta Bi Mwanabibi ukumbini, karibu na mlango, anasuka. Alipomwona Zamda aliweka ukili chini, na kabla ya salamu akasema:

"Ni mimi. Nilitaka kusema siku ile, akaninyanyua kama mtoto."

"Kwa nini hukusema mapema, mama?" Sadala akauliza. Sauti yake haikuwa na moto.

"Ningesema mngenikataza." Mama akawatazama wote wawili, na uso wake ulikuwa na kiburi kilekile cha mwanawe, ila kimezeeka vizuri. "Watu nimewakosa miaka tisa, nikanyamaza. Lakini nisimame mbele ya Mungu na mguu haujapata maji? Hapana. Wiki sita nilivumilia, ya saba nikafungua. Nilisema, kama ni kukatwa, acheni ukatwe ukiwa umeswali."

Zamda akapiga magoti mkekani. "Kosa ni langu, mama. Nilikuuliza kila kitu isipokuwa hilo." Akamweleza maneno ya Mwalimu Dadi, moja baada ya jingine. Bi Mwanabibi akataka arudie pale penye mkono wenye maji. Akarudia. Mama akafumba macho.

"Kumbe kulikuwa na njia," akasema. "Sadala, lete kata ya maji."

Akatia udhu wake wote, bila haraka, na mguu ule ukaoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Zamda akaukausha, akachora ramani, akaanza kufunga. Alipofika kwenye kisigino mama akamshika mkono.

"Hapo unalegeza. Mstari wa tatu. Mimi nilikuwa naukaza."

Zamda akatazama. Ilikuwa kweli. Alifungua, akakaza.

"Mikono yako haijawahi kukosea kufunga," Sadala akasema kutoka mlangoni, kwa upole wa hatari.

"Nyamaza, fundi. Naongea na mwenzangu wa kazi."

*

Tangu siku ile Bi Mwanabibi alikuwa anatia udhu kwenye bomba la kituo kila Jumanne kabla ya kufungwa, na mstari wa tatu unakazwa. Zamda aliongeza swali kwenye fomu ya kila mgonjwa, la kwanza kabisa, kabla ya sukari na presha: *Unaswali au unaabudu vipi, na mguu unahusika vipi?* Mganga mfawidhi alitaka kujua limetoka wapi. Zamda akamwambia limetoka delta.

Ramani zikapungua. Kiganja kikawa yai, yai likawa korosho. Wiki ya ishirini na mbili Zamda aliweka nailoni juu ya mguu, akashika kalamu, hakupata cha kuchora. Ngozi ilikuwa nyembamba, ya rangi ya waridi, imefunga. Akaandika tarehe tu kwenye nailoni tupu, akampa Bi Mwanabibi pamoja na soksi ndefu ya kubana.

"Hii utaivaa kila siku ya maisha yako. Vali hazijapona, tumezisaidia."

"Nitavaa. Na hiyo karatasi tupu?"

"Hiyo ni ya kujivunia, mama."

Nje Sadala alikuwa amesimama juani. Alipoambiwa hakuruka wala hakupiga kelele. Aliivua kofia yake, akaishika mkononi, akasema, "Baba yako yuko Mohoro wiki hii?"

*

Barua ya posa ilifika Mohoro siku ya Ijumaa baada ya swala, imekunjwa kwenye leso nyeupe, mikononi mwa mshenga, Mzee Amri. Nyuma yake walikuja wanawake wanne wa Mbwera. Zamda, aliyekuwa amefichwa chumba cha ndani kama ilivyo desturi, kanga mpya begani na wanja machoni, alichungulia kwenye upenyo wa pazia. Hakutazama leso. Alitazama miguu.

Bi Mwanabibi alikuwa anakuja kwa miguu yake kutoka barabarani. Bodaboda aliikataa, wakamsimulia baadaye, akamwambia dereva kwamba ameshabebwa vya kutosha. Amevaa gauni la kijani, kanga ya kujitanda, soksi imevutwa hadi goti. Akafika kizingitini. Akavua viatu.

Kwenye mkeka mkubwa wa sebuleni wanawake wa Mohoro walikuwa wameshaketi. Bi Mwanabibi alisimama, akatazama mahali pa karibu na mlango, palipokuwa wazi. Ilikuwa mazoea ya miaka tisa, na miguu ina kumbukumbu zake. Zamda alishika pazia kwa mikono miwili.

"Karibu mama, pita huku," shangazi yake Zuhra akasema, akipiga mkeka kwa kiganja. "Mgeni hakai kwenye upepo."

Bi Mwanabibi akapita. Akapita magoti ya wanne, akapita sinia la halua, akaketi, akaukunja mguu wa kushoto, ule uliopona, chini yake kama msichana. Hakuna aliyesogea. Mmoja aliegemea kwake kabisa, akaanza kumwuliza mkeka aliokuja nao zawadi umesukwa na nani.

"Na mimi," Bi Mwanabibi akajibu, kwa sauti ya watu wote kusikia.

Simu ya Zamda ikatetemeka. Sadala alikuwa Kibiti, stendi, kwa kuwa mposaji haendi. Nyuma yake kulisikika honi na konda anaita Nyamisati.

"Barua imesomwa?"

"Bado."

"Wazee wananuna? Baba yako anasemaje?"

"Bado hajasema."

Zamda alijua swali lenyewe bado halijaulizwa, na alimwacha alifikie mwenyewe.

"Mama," akasema mwishowe. "Amekaa wapi?"

Zamda akachungulia tena, ahakikishe, ingawa alikuwa ameshaona.

"Katikati."

Kutoka Kibiti honi zililia, konda akaita, chapati zikauzwa, na mwanamume aliyewahi kumnyamazisha konda kwenye stendi hiyohiyo hakuweza kusema kitu. Zamda alimngoja. Alijua kungoja, alikuwa amengoja maji yajae.

"Unalia, fundi?"

"Vumbi la stendi."

"Basi jifute. Hapa sebuleni kwetu mama ameshaanza kumfundisha shangazi yangu kusuka, na barua inafunguliwa sasa hivi. Nikate?"

"Usikate," Sadala akasema. "Weka simu hapo mlangoni. Nataka nimsikie akicheka na watu."